Mwanangu, kuhusu Laxton

Mwanangu,

Umeuliza kama huko Laxton kuna cha kuwaonyesha wajukuu zangu, maana kutoka Nottingham si mbali. Cha kutazama ni kidogo: kanisa, nyumba za matofali, mashamba. Ila msiende kiangazi. Nendeni mwishoni mwa Novemba, siku ya baraza la wakulima wa kijiji kukagua shamba lililopandwa ngano.

Karibu Uingereza yote ilishazungushia mashamba yake ua. Laxton bado wana yale makubwa matatu, West Field, Mill Field na South Field, bila ua kati ya kipande cha mtu na cha jirani yake. Ramani yao ya 1635 inaonyesha vipande hivyo kimoja kimoja. Mpaka ni watu, mwanangu, si jiwe. Nimekuambia tangu ukiwa mdogo.

Tulipokwenda siku ya ukaguzi, ukiwa mdogo, nilikubeba mabegani. Baraza likakuta mkulima amelima hadi ndani ya njia ya majani, naye alikuwa mmoja wao, ametoka nao asubuhi. Hakuna aliyepaza sauti. Walipima, wakaweka kigingi, akakipigilia mwenyewe. Wiki moja baadaye, mahakama yao ya kijiji, inayokaa kwenye baa ya Dovecote, ikamtoza pauni chache.

Mwezi ule ule nilikuwa nimepata barua kutoka kwetu Marangu, Kilimanjaro: baba yako mdogo amepita masale, ile mimea ya mpakani, ameingia hatua mbili kwenye kihamba chetu, shamba letu la migomba la ukoo. Nikanyamaza. Nilijiambia nanyamaza kwa upendo. Lakini wale wa Laxton nao ni majirani wanaopendana, na bado walipima! Haya, wao wana baraza. Na sisi je, hatukuwa na wazee wa ukoo? Mbona sikuwaita? Sale linalopandwa mpakani ndilo hilo hilo mtu hulishika akienda kuomba radhi. Yeye hakulileta, nami sikumwambia kwamba nalisubiri. Nani alikosa zaidi, sisemi. Amelala pale pale mgombani. Ingawa hatua mbili alizichukua, hilo siwezi kulifuta.

Wavalishe watoto mabuti, udongo wa kule ni mfinyanzi mzito. Na wazee wa baraza la Laxton wakikubali, huyo mdogo aguse nyundo ya vigingi.

Baba yako