Usinunue hizo prednisoloni, mdogo wangu

Ziache hukohuko dukani. Umeandika una miaka 29, Crohn, huu ugonjwa wetu wa uvimbe wa utumbo usioisha, ilikuanza ukiwa na 12, tumbo limeanza tena, mgongo unauma, na muuza dawa kakwambia prednisoloni, vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe, za wiki mbili ukizinywa na maziwa mifupa haidhuriki. Maneno hayohayo niliambiwa mimi!

Yangu ilianza nikiwa darasa la sita. Ukubwani, kila tumbo likichachamaa nilipita duka la dawa. Siku chache tu kuhara kumekata, hamu ya kula imerudi. Kliniki nikaacha, nikijiona nimepona. Hapo ndipo nilipoharibu. Dozi fupi zikirudiwa kila mara si fupi tena. Dawa ile inadhoofisha seli zinazojenga mfupa na kupunguza kalisiamu inayofyonzwa na utumbo. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaizuii kufanya hivyo. Ugonjwa wenyewe nao, utumbo ukiwa na uvimbe, unamomonyoa mfupa hata usipomeza kidonge chochote. Na sisi tulioanza utotoni tumepunjwa mapema: miaka ya kubalehe ndiyo mwili unaweka akiba kubwa ya mfupa, na miaka hiyo sisi tulikuwa tunakonda.

Siku moja nikainama kuinua ndoo, maji hayakufika hata nusu. Maumivu yalinipiga kiunoni nikashika ukuta, sikuweza kunyooka. Pingili ya mgongo ilikuwa imebonyea. Na nilishawahi kulalamika kabla! Nikapigwa eksirei, daktari akasema mifupa safi, ni misuli, kudhoofika mifupa ni mambo ya mabibi. Bibi yangu bado analima mihogo! Jambo hili linanikera mpaka leo, maana eksirei ya kawaida haionyeshi upungufu mpaka karibu theluthi ya madini ya mfupa iwe imeshapotea.

Kipimo chenyewe ni DEXA, eksirei maalumu ya kupima wingi wa madini ya mfupa. Unalala chali dakika chache, hakiumi. Mashine si nyingi, kwa hiyo uliza mapema inapatikana hospitali gani. Kwa umri wako wasome alama ya Z, inayolinganisha mfupa wako na wa watu wa umri wako. Ikiwa -2.0 au chini yake, mfupa wako uko chini ya kiwango cha wenzako. Waombe na damu ya vitamini D, hasa kama ulishakatwa kipande cha utumbo mwembamba.

Prednisoloni asikupe mtu yeyote isipokuwa daktari wa tumbo anayeijua historia yako, na akiiandika muulize palepale: mifupa yangu inapimwa lini, na dawa gani itashika nafasi yake, azathiopurini (ya kutuliza kinga ya mwili) au nyingine? Hii si dawa ya kuishi nayo.

Kama ulishaanza kuzinywa kwa wiki kadhaa, usikate ghafla. Mwili unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo, unaweza kuanguka. Hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akijua.

Kesho asubuhi nenda kliniki, na huo mgongo utaje kabla ya tumbo.