Mnaoanza ujazo na eneo la nje, anzeni na karatasi mbili

Hii mada nimewaelekeza wenzangu miaka kadhaa sasa na kinachowaangusha wengi sio hesabu yenyewe, ni ile kuamini kwamba ujazo na eneo la nje vinaongozana, yaani kimoja kikipanda na kingine lazima kipande. Mi mwenyewe niliamini hivyo mpaka siku nilipokunja karatasi kwa mikono yangu, ndo maana nawaomba kabla ya fomula yoyote mfanye hili.

Chukua karatasi mbili zinazolingana, sm 20 kwa sm 30. Moja ikunje iwe bomba fupi nene, ule upande wa sm 30 ndo uwe mzunguko na kimo kiwe sm 20. Nyingine ikunje kinyume chake, mzunguko sm 20 kimo sm 30, inakuwa ndefu nyembamba. Karatasi zote ni sm za mraba 600, hakuna iliyozidi, lakini jaza mchanga uone: lile bomba fupi linabeba kama sm za ujazo 1,432 na lile refu 955 hivi. Wengi wanabisha hapa kwa sababu macho yanaona refu ndo kubwa. Rudi kwenye fomula ya ujazo wa bomba sasa, π × rediasi × rediasi × kimo (rediasi ni nusu ya upana wa duara): rediasi inazidishwa yenyewe kwa yenyewe ila kimo kinaingia mara moja tu, kwa hiyo kulipanua bomba kunalipa kuliko kulirefusha.

Geuza sasa, shika ujazo usibadilike, tuseme sm za ujazo 1,000. Mchemraba wa sm 10 kila upande una eneo la nje 600. Boksi la 20 kwa 10 kwa 5 lina 700. Ukilibamiza liwe 100 kwa 10 kwa 1 linafika 2,220, na kilichomo ndani ni kilekile! Tufe la ujazo huohuo lina kama 484 tu, na hakuna umbo lingine linaloweza kwenda chini ya hapo, ndo maana povu la sabuni likiachwa hewani linajiviringa lenyewe, utando wake unajivuta uwe mdogo kadiri unavyoweza. Na ule mchemraba wa kwanza ukiukata vipande vya sm 1 unapata vipande 1,000, eneo lote linaruka kutoka 600 hadi 6,000, hapo utaelewa kwanini chumvi ya unga inayeyuka haraka kuliko ya mawe.

Ukubwa nao uangalie. Ukizidisha kila upande mara mbili, eneo linakuwa mara 4, ujazo mara 8. Hilo likae kichwani tu.

Ninapoona watu wanapoteza maksi kabisa ni kwenye kimo. Panga sarafu 20 moja juu ya nyingine halafu zisukume taratibu ziegemee upande, ujazo haujabadilika maana sarafu ni zilezile na kimo cha kutoka chini kwenda juu ni kilekile, ila sasa sehemu za sarafu zilizokuwa zimefichwa zimetokeza nje, eneo limeongezeka. Yaani ujazo unataka kimo cha wima, haujali umbo limeinama vipi, eneo la nje ndo linafuata mwinamo wenyewe. Kwenye koni ndo hivyohivyo: rediasi 3, kimo cha wima 4, mshazari (urefu wa ubavu kutoka ncha hadi ukingo wa kitako) 5. Ujazo unatumia ile 4, theluthi ya π × 3 × 3 × 4, unapata 12π. Eneo la ubavu linatumia ile 5, π × 3 × 5, unapata 15π. Ukivichanganya hivyo viwili hakuna kalkuleta itakayokuokoa. Halafu soma swali vizuri uone kama kitako kipo, koni iliyofungwa unaongeza 9π za kitako inakuwa 24π, ila kama ni kofia ya karatasi unaishia 15π maana chini kuko wazi.