Maswali na Majibu: Watoto Wetu na Kiingereza cha Shule za Uganda

Safari hii walioandika ni wazazi na walimu wanaozungumza Kiswahili na wanaoishi Uganda, ambako mtihani wa kumaliza darasa la saba hufanywa kwa Kiingereza. Hofu ya mtihani huo nimeiona hata kwa wazazi wa chekechea.

Tumehamia Kampala kutoka Mwanza. Binti yetu wa miaka 4 ana mwezi wa pili chekechea na hajatamka neno la Kiingereza. Mwalimu anasema tuache Kiswahili nyumbani. Tuache? (Mama, Kansanga)

Msiache, mama. Mtoto mdogo akiingia kwenye lugha ngeni hunyamaza wiki kadhaa, wengine miezi, huku masikio yakifanya kazi. Nenda ukamtazame darasani. Mwalimu akisema "sit down" naye akaketi, akiambiwa "bring your bag" akaenda kuuchukua mkoba, basi anaelewa, na maneno yatafuata. Wa kutia wasiwasi ni yule aliyenyamaza hata nyumbani, au asiyegeuka akiitwa. Huyo apelekwe akapimwe masikio mapema.

Nyumbani hadithi, sala na hata ugomvi wa ndugu viendelee kwa Kiswahili, tena kingi. Mtoto anayeweza kukueleza kwa nini kuku amekimbia atakuja kulieleza hilo kwa Kiingereza pia, maana kupanga mawazo amekwisha jifunza. Nimeona nyumba ambazo wazazi walijilazimisha Kiingereza wasichokimudu: yakabaki maagizo tu, njoo, kula, lala. Mazungumzo yenyewe yakafa.

Mwanangu wa darasa la kwanza alirudi amevalishwa kibao shingoni kwa sababu alimuuliza mwenzake kitu kwa Kiswahili. Nifanye nini? (Baba, Nsambya)

Nenda shuleni kesho asubuhi, umwone mwalimu mkuu, useme kwa heshima kwamba hutaki. Adhabu hii ni ya zamani na inaniumiza kila ninaposikia bado ipo. Mtoto wa miaka 6 aliyevalishwa kibao hajifunzi Kiingereza, anajifunza kufunga mdomo, na lugha haijifunzwi kwa mdomo uliofungwa.

Huna sababu ya kwenda kinyonge. Mtaala ulioanza 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya mahali walipo, Kiingereza kikiwa somo, darasa la nne liwe la mpito, kisha Kiingereza kishike kuanzia la tano. Mijini, penye mchanganyiko wa makabila, shule huruhusiwa kutumia Kiingereza tangu mwanzo, na ndivyo ilivyo sehemu kubwa ya Kampala. Ruhusa ya kufundishia Kiingereza ni jambo moja, kumwaibisha mtoto ni jambo jingine kabisa. Na Kiswahili si lugha ya kuonewa haya hapa: Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni.

Wanangu wanasoma "make" kama wanavyosoma "taka". Na "ship" na "sheep" kwao ni neno moja. (Mama, Entebbe)

Kiswahili kimewazoesha kwamba kila herufi hutamkwa, na kina irabu 5 tu, ilhali Kiingereza kina sauti za irabu zinazokaribia 20. Kwa hiyo anzeni na masikio kabla ya daftari. Chora meli na kondoo kwenye karatasi mbili, tamka neno moja, mtoto aguse picha. Akishatofautisha kwa kusikia, ndipo mwonyeshe maandishi.

Kuna pia mahali Kiswahili kinawapa wanao nafasi ya mbele, na walimu wengi hawalioni. Mtoto anayetamka vizuri "dhahabu" tayari ana sauti ya mwanzo ya "this". Anayetamka "thamani" ana ya "think". Mkalishe mbele ya kioo, aseme "dhahabu", aone ncha ya ulimi ikigusa meno, kisha aseme "this" bila kuusogeza. Wanaosema "zahabu" na "samani", kama wengi wa ndugu zetu kutoka Kongo, nao wataiweza, ila wapeni siku zaidi za kioo.

Katuni za Kiingereza kwenye simu zinatosha? (Baba, Jinja)

Hazitoshi. Simu haimngoji mtoto ajibu. Kaa naye, simamisha, muulize kilichotokea, hata kwa Kiswahili.

Mimi ni mkimbizi kutoka Bukavu, nilifundisha kwa Kifaransa. Naweza kufundisha wadogo Kiingereza hapa kambini, bila vitabu? (Mwalimu, Nakivale)

Unaweza, mwalimu mwenzangu. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakupa haki ya kufanya kazi Uganda. Ukitaka kuajiriwa kama mwalimu utahitaji vyeti vyako vilinganishwe na vya hapa, kwa hiyo lianze hilo mapema huku ukiendelea na watoto.

Darasani anza na amri za mwili: "stand", "jump", "touch your nose". Fanya wewe kwanza, wakuige, kisha sema bila kufanya uone nani ameshika. Halafu okota vizibo vya soda. Ndani ya kila kimoja bandika karatasi yenye herufi, uanze na s, a, t, p, i, n, kwa kuwa hizo 6 tu zinatosha kuunda "sit", "pin", "tap" na "ants". Wape watoto wanne wanne seti moja, tamka neno, walipange chini wakilisemasema. Anayekwama umruhusu aulize kwa Kiswahili, umjibu, kisha lirudieni neno pamoja kwa Kiingereza.