Picha za ndege za vita vya zamani: pangaboi lazima lionekane linazunguka

Mkuu, umeuliza kwa nini Spitfire, zile ndege za kivita za Uingereza za Vita vya Pili, ulizopiga picha mwaka jana zinaonekana kama midoli iliyoning'inizwa kwa uzi, na kama ununue lenzi ya milimita 600 kabla ya kwenda tena Duxford, ule uwanja wa maonyesho ya ndege Uingereza. Habari ya lenzi iache kwanza. Umesema ulitumia spidi ya shata 1/2000 ya sekunde "kwa sababu ndege inakimbia". Hiyo ni spidi ya jeti. Ndege ya pangaboi ukiipiga hivyo unaipata kali kila msumari, ila pangaboi limesimama, na mtu akiiona anajiuliza mbona haianguki.

Piga hesabu kidogo. Injini ya Spitfire, Merlin, wakati wa kuruka inafika mizunguko 3,000 kwa dakika, lakini kuna gia mbele inayopunguza hiyo, na pangaboi linapata chini ya nusu. Katikati ya maonyesho rubani akiwa amelegeza moto, chukulia pangaboi linazunguka kama mara 19 kwa sekunde. Kwa 1/2000 kila panga linasogea nyuzi (digrii) 3 na kidogo, yaani halijatikisika. Kwa 1/250 linasogea nyuzi 27, ukungu unaanza kuonekana. Kwa 1/100 ni karibu nyuzi 70, na kwa Spitfire ya mapanga matatu hiyo ni zaidi ya nusu ya njia toka panga moja hadi lingine. Duara zima, lile ambalo watu wanatambiana nalo, linataka karibu 1/60, na huko utafuta picha mpaka uchoke.

Kwa hiyo anzia 1/320. Ukishapata picha chache za uhakika, shuka 1/250, kisha 1/200, kisha 1/160. Mimi ndege ikipita mbele yangu naishia 1/125. Chini ya hapo ni kamari, naicheza tu kwa ndege ambayo nimeshaipata vizuri. Zikiwa zinatembea ardhini kwenda kuruka ni habari nyingine kabisa: injini iko taratibu, pangaboi halifiki mizunguko 7 kwa sekunde, na hata 1/125 italigandisha. Hapo nenda 1/60. Ndege yenyewe inajikokota, haitakusumbua.

Sasa kuna ndege moja ambayo wapiga picha wengi wanaidharau, wanaenda kununua chipsi ikiwa angani: Harvard, ile ya mafunzo. Usiende kula. Injini yake haina gia, pangaboi limefungwa moja kwa moja, kwa hiyo linazunguka zaidi ya mara 30 kwa sekunde. Ndiyo maana inapiga kelele za kukera vile, ncha za mapanga zinakaribia spidi ya sauti. Kwako wewe maana yake ni kwamba 1/250 ileile inayokupa ukungu kidogo kwenye Spitfire, kwenye Harvard inakupa nyuzi 48. Jifunzie hapo.

Na nikiwa hapohapo kwenye Harvard: watangazaji wa maonyesho hueleza jinsi ilivyofundisha marubani wa Vita vya Pili, wakimaliza hapo wamemaliza. Sijasikia hata mmoja akitaja Kenya. Kuanzia 1953 kikosi nambari 1340 cha RAF, jeshi la anga la Uingereza, kilitumia Harvard kudondosha mabomu ya ratili 20 kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwasaka Mau Mau, na baadaye yakaletwa madege makubwa ya mabomu ya Lincoln, yaliyotokana na Lancaster ya Vita vya Pili, yakirukia Eastleigh pale Nairobi. Mimi napenda ndege hizi na nitaendelea kuzipiga picha, lakini watoto wangu nikienda nao nawaambia na upande huo.

Turudi kwenye kamera. Spidi ndogo bila mwili kutulia ni kazi bure. Miguu ielekeze pale unapotaka kubofya, si pale ndege inapotokea. Ndege ikiwa bado mbali, zungusha kiuno uikamate kwenye lenzi, ifuate, bofya ikifika mbele yako, na uendelee kuifuata hata baada ya kubofya. Viwiko vibane mbavuni. Fokasi iwe ile ya kuendelea, AF-C, au AI Servo kwa wenye Canon. Kama lenzi yako ya Canon ina swichi ya kizuia mtikisiko, weka namba 2, ile ya kufuata kitu kinachopita. Jua likiwa kali, 1/125 itakulazimisha kubana tundu la lenzi hadi f/16 na zaidi, na hapo kila vumbi lililo kwenye kihisi linaonekana angani. Vaa kichujio cha polaraiza, kinakata mwanga wa kutosha.

Mwanga wa Duxford ndio ugomvi wangu mkubwa na uwanja ule. Watazamaji tunakaa kaskazini mwa njia ya kurukia, tunatazama kusini, maana yake jua liko usoni karibu siku nzima. Saa sita hadi saa nane mchana usijitese na ndege zinazopita kati. Piga za ardhini, piga watu, kula hizo chipsi zako. Alasiri jua likishaelekea magharibi, hamia ncha ya magharibi, huko kwenye jumba la Land Warfare (la vita vya ardhini), halafu tazama kushoto. Ndege zinazokuja toka mashariki zinakuwa zimepigwa na jua puani na ubavuni. Subiri zile zinazolala upande zikigeuka, Spitfire bila yale mabawa ya duaradufu utakuwa umepiga ndege yoyote tu. Mawingu meupe ya Uingereza nayo yanaidanganya kamera, ndege inatoka nyeusi tii. Ongeza mwanga +1, hata zaidi, na hifadhi kwa RAW, faili ghafi la kamera.

Ukimwona N3200, Spitfire mmoja mwenye historia yake, anaruka, mpe heshima zake. Alikuwa wa kikosi cha hapohapo Duxford, na Mei 1940 akatua ufukweni karibu na Calais, Ufaransa, rubani akatekwa, mchanga ukamfunika mpaka miaka ya 1980. Aliruka tena 2014. Chini ana bawa moja jeusi na jingine jeupe, kwa hiyo angalia usije ukaunguza ule upande mweupe ukihangaikia mweusi.

Lenzi: hiyo 70-300 yako kwenye kamera ya kihisi kidogo inafika kama 450. Inatosha kuanzia. Ni kweli ndege siku hizi zinapita mbali kuliko zamani, sheria zilikazwa baada ya Hawker Hunter kuanguka barabarani Shoreham tarehe 22 Agosti 2015 na kuua watu 11, na hakuna mwenye akili anayelalamikia hilo. Ila 600 siku ya joto inakuletea mawimbi ya hewa ya moto juu ya lami, na hayo hayatibiki kwa pesa.

Kama bado una pesa ya lenzi mfukoni, inunulie tiketi ya Old Warden, Bedfordshire, onyesho la jioni. Uwanja ni nyasi, mstari wa watazamaji umepinda, ndege zinauzunguka zikikuonyesha mgongo. Wana SE5a na Bristol Fighter halisi za Vita vya Kwanza, na upepo ukitulia wanatoa mpaka Blériot ya 1909, inayoruka kidogo tu juu ya nyasi na kutua. Hiyo inakwenda taratibu, 300 yako itaimudu vizuri tu.

Ukirudi weka picha hapa na spidi uliyotumia kwa kila moja, hata zilizoharibika, tuzichambue.