Vijana walewale kila kikao: anza kwa kuuliza kikao kinaamua nini

Ndugu mleta mada, nimesoma maelezo yako kwa makini. Umesema unaratibu programu ya vijana, diwani anaiunga mkono na vikao vinafanyika kila mwezi, lakini wanaohudhuria ni walewale: waliosoma, wanaojua kuzungumza mbele za watu, wengi wao wavulana na wengi wao watoto wa watu wanaofahamika kwa viongozi. Unauliza ufanye nini ili wasichana, vijana wenye ulemavu na wale wanaoishi kwa vibarua nao waje. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwakilishi wa vijana kwenye kamati ya maendeleo na baadaye nikiwa mratibu, na ushauri wangu ni kwamba, kabla ya kuuliza kwa nini hawaji, uliza kwanza kikao chenyewe kina uamuzi gani mkononi.

Vijana wengi niliofanya nao kazi hawakukosa mwamko, bali walikuwa na hesabu zao. Mtu anayeishi kwa kibarua cha siku akiacha kazi saa nne asubuhi ili asikilize hotuba, amepoteza riziki ya siku hiyo, na jioni hana cha kuieleza familia yake isipokuwa kwamba alisaini karatasi ya mahudhurio. Akitendewa hivyo mara mbili, mara ya tatu hatakuja, na mimi siwezi kumlaumu. Anayebaki ni yule ambaye kuhudhuria hakumgharimu kitu, au yule anayetarajia kufahamika kwa wakubwa. Ndiyo maana sura haibadiliki hata mkiongeza matangazo.

Jambo hili lilishaandikwa zamani. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani, alichapisha makala iliyoeleza ushiriki wa wananchi kama ngazi yenye vidato nane, kuanzia chini kabisa ambako wananchi wanarubuniwa tu, hadi juu ambako wao wenyewe wameshika hatamu. Mwaka 1992 Roger Hart, katika kazi aliyoiandika kwa ajili ya UNICEF, aliitumia ngazi hiyo kwa watoto na vijana, na akasema wazi kwamba vidato vitatu vya chini, yaani kutumiwa, kuwekwa kama pambo na kuwakilisha kwa jina tu, haviwezi kuitwa ushiriki. Kijana aliyevalishwa fulana yenye nembo akaimba wimbo wa kumpokea mgeni rasmi, huku hajui ajenda ya siku hiyo, yuko kwenye vidato hivyo hata kama picha yake imetoka vizuri kwenye ripoti. Nakuomba uvichukue vikao vyenu vya mwaka uliopita, kimoja baada ya kingine, na ujiulize kwa dhati kila kimoja kilikuwa kidato gani.

Mahali ambapo mambo yalianza kubadilika kwetu ni kwenye kalenda ya bajeti. Bajeti ya serikali za mitaa haitungwi siku inaposomwa. Vipaumbele hukusanywa miezi mingi kabla, wataalamu huvikadiria gharama, kamati za kudumu huvijadili, na ndipo baraza zima hupiga kura. Kijana anayealikwa siku ya kura anakuja kushuhudia jambo ambalo limeshakwisha. Sisi tuliomba kalenda hiyo katika ofisi ya mipango, tukaibandika ukutani, kisha tukapanga vikao vya vijana vitangulie kila hatua, ili hoja yao ifike mezani wakati meza bado iko wazi.

Msimu mmoja tulikisoma kifungu cha bajeti cha vijana na michezo pamoja nao, mstari kwa mstari. Msichana mmoja, ambaye hadi siku hiyo alikuwa msikilizaji, aliuliza kwa nini karibu fedha zote zinakwenda kwenye mashindano ya mpira ya wavulana, ilhali wenzake wanaacha mafunzo ya ufundi kwa sababu masomo ya jioni yanaisha giza likiwa limeingia na njia ya kutoka chuoni haina taa hata moja. Ofisa aliyekuwepo alimjibu kwa staha kwamba taa haziko kwenye kifungu cha vijana, ziko kwenye kifungu cha ujenzi. Kwa vikundi vingi hoja ingeishia hapo. Tuliketi na wasichana hao wakaandika ombi la ukurasa mmoja, wakaeleza njia inaanzia wapi na kuishia wapi, saa ambazo wanapita, na ni nani waliokwisha kuacha masomo, na wakalipeleka wenyewe kwenye kamati ya ujenzi kabla haijafunga mapendekezo yake. Taa hazikuwekwa njia nzima, lakini ziliwekwa kwenye kipande kilichokuwa kibaya zaidi, na kilichobaki walijibiwa kwa maandishi kwa nini kimesogezwa. Katika kikao kilichofuata walikuja wasichana ambao hatukuwahi kuwaona, na hatukuwa tumeongeza tangazo lolote.

Uzoefu wa miji mingine unaelekea hukohuko. Porto Alegre, nchini Brazil, ilianza bajeti shirikishi mwaka 1989, ambapo wakazi walikutana katika maeneo yao, wakapanga vipaumbele na kuchagua wajumbe wa kuvisimamia, na utaratibu huo umeigwa katika nchi nyingi. Boston, nchini Marekani, ilifanya jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi kwa swali lako: mwaka 2014 ilitenga dola milioni 1 za bajeti yake ya miradi na kuwaachia vijana wa miaka 12 hadi 25 wabuni miradi na kuipigia kura. Kiasi chenyewe si hoja, kwa sababu kila eneo lina uwezo wake. Hoja ni kwamba fungu lilijulikana kabla mazungumzo hayajaanza, na kila aliyeingia ukumbini alijua kwamba mwisho wa mjadala kuna kitu kitakachofanyika. Ukiweza kumshawishi diwani wenu atenge fungu dogo la namna hiyo, hata kama ni la mradi mmoja tu, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko semina zote za uhamasishaji.

Kuhusu vijana wenye ulemavu, umeandika kwamba "mlango uko wazi kwao". Naomba niseme waziwazi kwamba mlango kuwa wazi hautoshi kama ukumbi uko ghorofani na hakuna njia ya kiti cha magurudumu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazungumzia haki hii katika ibara ya 29, yenye kuhusu ushiriki katika siasa na maisha ya umma. Kwa vitendo maana yake ni mambo madogo yanayopangwa mapema. Mkalimani wa lugha ya alama anapaswa kusimama karibu na msemaji, mahali ambapo mwanga unaangukia mikono na uso wake, wala si mbele ya dirisha linalomfanya aonekane kivuli. Apewe ajenda siku chache kabla, ili majina na istilahi zisimkute ghafla. Kikao kikiwa kirefu wanahitajika wakalimani wawili wapokezane, na mwenyekiti ahakikishe watu wanazungumza mmoja mmoja. Gharama yake iingie kwenye makisio ya programu tangu mwanzo wa mwaka, kwa sababu ile kauli ya "akija tutaona" kijana kiziwi ameshaisoma na hatakuja.

Wasichana wana vikwazo vyao, na vingi ni vya saa na usalama: kikao kinachoisha jioni sana, nauli, mtoto mchanga asiye na wa kumwachia. Vyote hivi vinatatulika mkiwauliza wao saa inayowafaa badala ya kuwapangia.

Jambo la umri linahitaji maneno zaidi, maana watu wengi hulikwepa. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, takwimu za Umoja wa Mataifa kwa kawaida hutumia 15 hadi 24, na azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la umoja huo la mwaka 2015 linataja 18 hadi 29. Kwa hiyo mtu wa miaka 34 mwenye familia na uzoefu wa siasa, na mwanafunzi wa miaka 16, wanaweza kuketi kwenye baraza moja wote wakiitwa vijana, na ni rahisi kujua nani atazungumza na nani atapiga makofi. Tengeni nafasi za walio chini ya miaka 18, maana ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inataka maoni yao yasikilizwe katika mambo yanayowahusu, na wekeni ukomo wa vipindi vya uongozi. Katika baraza moja nililolifahamu kwa karibu, mwenyekiti alikaa hadi wale aliowaongoza wakawa wazazi, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sasa nizungumzie diwani. Kuungwa mkono naye ni neema na usiipuuze, lakini programu isiwe mali yake. Niliwahi kushuhudia orodha ya wanachama wa programu, yenye majina na namba za simu, ikitumika kwenye kampeni za chama kimoja, na ndani ya muda mfupi vijana wenye msimamo tofauti wakajiondoa bila kusema neno. Tangu hapo nimeshikilia mambo haya bila kuyumba: orodha inatunzwa na mratibu na haitoki, sare na kaulimbiu za vyama haziingii ukumbini, na madiwani wa vyama vyote wanaalikwa kwa barua ileile. Kijana ana haki ya kuwa mwanachama wa chama chochote, na ningependa wengi zaidi wagombee, ila asilazimike kupitia chama ili asikilizwe kuhusu maji au taa.

Mwisho ni jibu. Kila hoja iliyopelekwa irudi na maelezo ya maandishi ndani ya muda mliokubaliana: imekubaliwa na nani anaitekeleza, au imekataliwa na kwa sababu gani. Sisi tuliyaandika kwenye bango lililobandikwa mahali ambapo vijana wanapita, nje ya ofisi, ili hata asiyehudhuria ayasome. Nimeona vijana wakipokea "hapana" yenye sababu na kurudi na hoja iliyoboreshwa, na nimeona wengine wakipewa "ndiyo" ya mdomo na kupotea moja kwa moja baada ya kungoja bila kuona lolote.

Kwa kuwa umesema kikao chenu kijacho ni mwezi ujao, ningekushauri uahirishe mada ya uhamasishaji mliyoipanga, upate kalenda ya bajeti ya eneo lenu na nakala ya makisio ya mwaka huu, kisha uwapelekee vijana kumi wasiohudhuria mahali wanapofanyia kazi na uwaulize wangebadilisha mstari gani. Ukishapata kalenda, iandike hapa hatua kwa hatua, nami nitakueleza ni kamati ipi ya kuanza nayo.