Mkojo unachoma na huwezi kutoka nyumbani: maswali na majibu

Maswali yaliyonifikia safari hii yanakaribiana: mtu yuko ndani, kwa maradhi ya kuambukiza, kwa eda au kwa uzito wa mimba, na mkojo unamsumbua yeye au wa nyumbani kwake. Mimi ni mfamasia. Watu wanakuja dukani na ujumbe kwenye simu: "Nipe dozi ya UTI, mgonjwa yuko nyumbani." UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, na dawa moja ya jina hilo haipo. Inategemea mgonjwa ni nani, maambukizi yamefika wapi na vimelea gani vimemwingia, na ndiyo maana majibu yangu hapa chini hayafanani.

*Assalamu alaykum. Nina miaka 27, nakaa Jang'ombe. Nina tetekuwanga, leo siku ya nne, nimejitenga chumbani kwa sababu wifi yangu ni mjamzito. Tangu jana mkojo unachoma na naenda msalani kila mara. Mdogo wangu anaweza kuninunulia dawa ya UTI bila mie kutoka?*

Waalaykumu salaam, dada. Umefanya vizuri kujitenga. Tetekuwanga ikimpata mjamzito ambaye hajawahi kuiugua inaweza kumletea nimonia kali, na mtoto tumboni naye anaweza kudhurika. Baki chumbani mpaka vipele vyote vikauke na kufanya magaga, na wifi yako awaambie kliniki kwamba kuna mgonjwa nyumbani, asisubiri vipele vimtoke.

Kabla ya kumtuma mtu dukani, chukua kioo ujitazame. Vipele vya tetekuwanga hutoka hata sehemu za siri, na mkojo ukipita juu yake unachoma sana. Mchomo huo unausikia nje, kwenye ngozi, pale mkojo unapogusa. Wa UTI unausikia ndani, kibofu kinabana, unakimbilia msalani kisha yanatoka matone. Kama ni vipele, antibayotiki haina kazi hapo. Kojoa huku unajimwagia maji ya vuguvugu, kunywa maji mengi, na kwa maumivu meza parasetamoli. Brufeni iache mpaka upone, kwa sababu kwenye tetekuwanga imehusishwa na vidonda vya ngozi kushambuliwa na bakteria wakali.

Kama hukuona kipele, basi wewe usitoke, mkojo wako ndio utoke. Mdogo wako akachukue kikopo maabara au duka la dawa. Chupa ya soda au kopo la jemu halifai hata lioshwe vipi. Jioshe kwa maji matupu, mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati, funika, andika jina na saa. Futa kikopo kwa nje, kitie ndani ya chombo kingine chenye kifuniko, kifike maabara ndani ya saa mbili. Kikichelewa kiwekwe kwenye friji, na hata humo kisipite saa 24. Kikopo kikizungushwa juani kwenye boda tangu asubuhi, bakteria huzaana humo humo na majibu yanakuja makubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Wakati kikopo kiko njiani, piga simu kituo cha afya, au umwombe mhudumu wa afya wa jamii wa shehia yako akuunganishe na tabibu. Mwambie umri, dalili, siku ya ngapi ya tetekuwanga, kama una mimba au unanyonyesha, kama una tatizo la figo, dawa iliyowahi kukudhuru, na unazotumia sasa. Akikuandikia cheti, mdogo wako atakuja nacho kwetu na tutampa dawa bila tabu. Asipokuja nacho, mie nitamuuliza maswali hayo hayo, na yeye hatakuwa na majibu.

Kwa mwanamke asiye na mimba ambaye maambukizi yako kwenye kibofu tu, dawa inayochaguliwa mwanzo mara nyingi ni nitrofurantoini, kwa siku tano hivi. Amoksilini peke yake, ambayo watu huiomba kwa mazoea, bakteria wengi wa njia ya mkojo wameshaizoea.

Ukipata homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, au ukawa unatapika, usiendelee kukaa chumbani. Hapo inawezekana figo zimeingiliwa, na nitrofurantoini haitibu figo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipande daladala. Vaa barakoa na nguo ndefu, na mtu atangulie kuwaambia mlangoni kwamba una tetekuwanga, ili usikalishwe benchi moja na wajawazito.

*Mama yangu ana miaka 74, tuko Wete, Pemba. Yuko eda mwezi wa pili na anasema hatoki hata kwa daktari mpaka eda iishe. Mkojo wake umekuwa na harufu kali, anakwenda msalani mara nyingi usiku. Jana aliniita kwa jina la marehemu shangazi, akakaa muda hajielewi. Nimpe dawa gani?*

Pole sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Usimpe dawa yoyote. Mpeleke hospitali leo.

Mkojo wenye harufu peke yake usingenishtua. Huenda ni uhaba wa maji tu, na wazee wengi waliofiwa hawali wala hawanywi inavyotakiwa. Lililonishtua ni hilo la kutojielewa. Mzee akibadilika akili kwa siku moja, anaweza kuwa na maambukizi yaliyoingia kwenye damu, sukari iliyopanda au kushuka, upungufu mkubwa wa maji, hata kiharusi. UTI ni mojawapo tu, na nyumbani hamuwezi kujua ni lipi. Waombe wampime sukari, presha na mkojo, na kwa kuwa ni Pemba na huenda ana homa, malaria pia.

Kuhusu eda, mie si mwanachuoni, lakini hili ni maarufu kwa masheikh wetu: mwenye eda ya kufiwa anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja, na matibabu ni haja. Ikiwa dharura imemkuta usiku, asisubiri kuche. Kama moyo wa mama hautatulia mpaka asikie kwa sheikh wake, mpigieni simu mumuwekee sikioni, huku gari inatafutwa. Hajavunja eda yake kwa kutibiwa. Atakwenda na nguo zake za eda na atarudi nyumbani kwake.

*Nina sipro vidonge vinne vilivyobaki mwaka jana. Nimejifungia ndani kwa mafua makali na mkojo unachoma. Nivimeze kwanza nione?*

Hapana. Vinne havimalizi dozi. Vitaua bakteria dhaifu na kukuachia wagumu, na ukija kupima baadaye, maabara inaweza isioteshe kitu na tabibu akabaki anabahatisha. Sipro ni antibayotiki ya kuiwekea akiba kwa maradhi makubwa zaidi, na inaweza kuumiza mishipa ya kano, hasa kwa watu wazima waliovuka miaka 60. Virudishe duka la dawa. Kisha fanya kama nilivyomweleza dada wa Jang'ombe: kikopo, simu, cheti.

*Mtoto wangu wa miaka 10, Kinyasini, Pemba, anakojoa damu mwisho wa mkojo. Hana homa. Dukani walimpa antibayotiki ya UTI, kaimaliza, damu bado. Skuli wamenambia asije mpaka apone. Tumbadilishie dawa?*

Baba, mtoto wa umri huo, Pemba, damu mwisho wa mkojo na homa hana: kitu cha kwanza kutafuta ni kichocho. Ni minyoo inayokaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, na mayai yake yenye ncha ndiyo yanayotoboa kibofu na kutoa damu. Antibayotiki hata ya bei gani haiigusi. Dawa yake ni prazikwanteli, inapimwa kwa uzito wa mtoto, na kwa kawaida humezwa kwa siku moja.

Apimwe mkojo akitafutwa mayai. Mkojo mzuri kwa kipimo hiki ni wa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu mayai hutoka kwa wingi wakati huo. Mruhusu aruke ruke kidogo kabla ya kukojoa, na hapa tunataka na yale matone ya mwisho. Kituo cha afya chochote cha wilaya watakuelekeza.

Na kumzuia skuli si haki yake. Kichocho hakiambukizwi kwa kukaa dawati moja. Mtu anakipata kwa kuingia kwenye maji yasiyo ya chumvi, ya mto au bwawa, yenye konokono wake, baada ya mwenye ugonjwa kukojoa humo. Nenda ukazungumze na mwalimu mkuu kwa upole, na mtoto arudi darasani kesho. Waliokuwa wakioga naye mtoni wapimwe pia.

*Nina mimba ya miezi saba, Makunduchi. Kliniki wamepima mkojo wakasema una bakteria, lakini mie sisikii chochote. Lazima nimeze dawa?*

Ndiyo, mama. Mtu mwengine asiye na dalili huwa tunamwacha, lakini mjamzito tunamtibu, maana bakteria wakiachwa hupanda kwenye figo na wanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Meza ile uliyoandikiwa kliniki na umalize. Sipro na doksisaiklini usikubali kupewa na jirani. Nitrofurantoini nayo haitolewi mwisho kabisa wa mimba, kwa hiyo ukibadilishiwa dawa huko mbele usishangae.

*Nimeanza nitrofurantoini juzi, maumivu yameisha, lakini mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia. Niache?*

Rangi hiyo inatokana na dawa na itaondoka ukimaliza. Imeze pamoja na chakula, usiikatishe kwa kuwa umepata nafuu. Isipokuwa hivi: ukiona macho yanageuka manjano, pumzi inakatika kwa kazi ndogo, umechoka kupita kiasi, na mkojo ni mweusi kama kahawa ya barazani, acha dawa na uende hospitali saa hiyo hiyo na pakiti mkononi. Pwani yetu wapo wengi waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na kwao dawa hii inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Kama kwenu kuna aliyewahi kupata manjano baada ya kumeza dawa, mwambie tabibu leo, hata kama wewe hujaona dalili yoyote.