Japan-America Society ya Washington: si maua tu

Umeuliza, ndugu, kama hawa jamaa wa Japan-America Society, chama cha urafiki wa Japani na Marekani, wana kazi nyingine mbali na sherehe ya maua ya micheri (sakura). Wanayo. Chama kipo tangu 1957, na mwaka wao una mwendo wake. Kwa kawaida Wajapani hufungua mwaka kwa shinnenkai, karamu ya mwaka mpya. Mara nyingi kwenye karamu hizo pipa la sake, pombe ya mchele, hupasuliwa kifuniko kwa nyundo za mbao, kisha watu hunywa na kubadilishana kadi za biashara. Hapo ndipo dili zinapoanza, usidanganyike na kimono!

Masika ndiyo yenyewe. Kuna Japan Bowl, mashindano ya wanafunzi wa sekondari wanaosoma Kijapani, halafu Sakura Matsuri, tamasha la mtaani lenye ngoma za taiko, vyakula na umati wa kukanyagana. Micheri inayosherehekewa ni zawadi ya jiji la Tokyo, miti zaidi ya 3,000, iliyofika Washington 1912. Shehena ya kwanza ya 1910 ilikutwa na wadudu ikachomwa moto. Aibu ya kidiplomasia, ila Wajapani wakatuma mingine.

Miezi inayobaki ni madarasa ya lugha na mihadhara ya uchumi na siasa. Kimya kimya tu, lakini kama unatafuta kazi kwenye kampuni ya Kijapani, mimi ningeanzia kwenye mihadhara. Kwenye tamasha utaambulia takoyaki, yale madonge ya unga yenye pweza ndani, na foleni.